Magoti ya Mama na safu ya tatu: siku tano ndani ya magari mawili ya viti saba

Tumerudi juzi usiku. Nguo bado ziko kwenye mabegi, na mimi nimekaa na daftari dogo ambalo nusu ya kurasa zake zimeandikwa na mtoto wa miaka 8, maana zamu ya kushika futi ilikuwa yake. Picha zipo mia mbili na ushee, na nyingi ni za magoti. Msinicheke.

Kisa chenyewe: familia imeongezeka, gari letu la viti vitano halitutoshi tena, na mimi na mdogo wangu tumebishana miezi minne. Yeye anasema familia inataka gari la juu, lenye kuvuta magurudumu yote manne. Mimi nasema gari la kubebea watu, la mlango wa kuteleza. Kwenye karatasi yote mawili yana viti saba. Ilipokuja safari ya kumpeleka mama kwa dada yake huko milimani, tukakodi yote mawili na kukubaliana kwamba tutabadilishana viti njiani hadi mmoja wetu anyamaze. Majina ya viwandani siyaweki, kwa sababu niliyoyaona yanapatikana kwa ndugu zao wengi. Watoto waliyabatiza wenyewe: la juu likaitwa Ngamia, la mlango wa kuteleza likaitwa Kabati.

Abiria tulikuwa wanane: mimi na mke wangu, mdogo wangu na shemeji, mama (miaka 71, magoti yanamsumbua), kifungua mimba wetu, binti wa miaka 14 mwenye miguu ya korongo, huyo karani wa futi, na kitinda mimba wa miezi 14 ambaye bado anasafiri akitazama nyuma.

Siku ya 1. Kilomita 340, lami tupu

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka saa mbili kasoro, na kosa lilikuwa la buti.

Ngamia ukikunja safu ya tatu ana buti la kulala mtu. Ukiinua viti vile viwili, kinachobaki ni ufa kati ya mgongo wa kiti na mlango wa nyuma: niliupima chini, sentimita 26. Ulimeza begi moja la mgongoni na chupa za maji, basi. Mdogo wangu alikuwa na karatasi ya matangazo mkononi, anasoma lita za buti kama anayesoma hukumu. Nikamwambia, "Lita ngapi hizo, na begi lako lina umbo gani?" Lita hizo kwa kipimo cha VDA, chama cha watengenezaji magari cha Ujerumani, hupatikana kwa kujaza buti vibumba vidogo vya sentimita 20 kwa 10 kwa 5, kila kimoja lita moja. Vibumba hivyo vinaingia hata kwenye kona za juu ya tairi. Sanduku la nguo haliingii huko.

Kabati, viti vyote saba vikiwa wima, alibakisha sentimita 45, na kwa kuwa sakafu yake ya nyuma imezama, masanduku mawili makubwa yalisimama yenyewe bila kuegemea kitu. Bado hayakutosha wanane. Mengine yakapanda kwenye keria ya Ngamia, chini ya turubai.

Baada ya kilomita kama 90 lori lilitupita likituwashia taa, likasimama mbele, na dereva akashuka mbio kutupungia. Kona moja ya turubai ilikuwa imefunguka na ilikuwa inapiga juu ya paa kama bendera. Ndani tulikuwa tunasikia kelele hiyo tukidhani ni upepo wa vioo. Yule bwana hakusema mengi. Alifungua kazi yote ya mdogo wangu, akalaza masanduku mazito katikati ya paa, akapitisha kamba chini ya keria na si juu yake, akaifunga kwa fundo ambalo linajikaza lenyewe kila gari linapotikisika. Kisha akamshika mdogo wangu mkono, akamfanya alifunge yeye mwenyewe mara tatu. Hakupokea chochote. "Ukiona mwenzako, na wewe simama," akasema, akapanda lori lake.

*Kwa atakayefuata:* ukienda kuangalia gari la kununua, nenda na mabegi yako. Inua viti vyote, kisha pakia. Muuzaji atakushangaa dakika mbili, wewe utakaa na gari miaka kumi.

Mama siku hiyo alipanda magari yote mawili kwa zamu, safu ya pili. Kuingia Ngamia alihitaji ngazi ya pembeni, mpini wa juu, mkono wangu, na kimya kidogo cha kukusanya nguvu. Kizingiti kilikuwa sentimita 52 kutoka ardhini. Kwa Kabati kilikuwa 37, lakini kilichomfurahisha hasa ni urefu wa kikalio: kilikuwa karibu usawa wa nyonga yake, kwa hiyo aligeuza mgongo, akakaa, akaingiza miguu. Hakupanda wala hakuzama. Mke wangu akanikumbusha kwamba gari letu dogo lina shida ya upande wa pili, mama hujitupa ndani kama anayeketi kwenye mkeka, na kutoka ni kuvutwa.

Siku ya 2. Kilomita 210, kati yake 65 za vumbi

Siku ya adhabu. Tuliamua kupakia watu saba ndani ya Ngamia ili tujue neno viti saba maana yake nini. Shemeji akapewa Kabati peke yake, na mabegi. Alisema hajawahi kupata likizo nzuri namna ile.

Mimi nikashika usukani. Mdogo wangu, kwa haki, nikampeleka safu ya tatu pamoja na karani wa futi. Kufika huko ilibidi kiti cha safu ya pili kikunjwe na kupinduliwa, na kwa kuwa upande mmoja una kiti cha kitinda mimba kilichofungwa, njia ilikuwa moja tu. Aliingia kwa kutanguliza kichwa, akageuka katikati, akakaa. Nilimsikia akicheka. Kisha akanyamaza.

Daftari linasema hivi, kwa mwandiko wa mtoto: "sakafu hadi kiti sm 24. baba mdogo magoti yako kwenye kidevu."

Hapo ndipo penye siri yote, na hapaandikwi kwenye karatasi za matangazo, ambazo mara nyingi hutaja nafasi ya miguu kwenda mbele tu. Kiti cha mezani nyumbani kina kama sentimita 45 kutoka sakafuni. Ukiketi, paja lote linalala kwenye kikalio na uzito wako unasambaa. Kwenye kiti cha sentimita 24 magoti yanapanda, mapaja yananing'inia hewani, na uzito wote unakaa kwenye mfupa wa makalio. Unaweza kuwa na nafasi ya kutosha mbele ya goti na bado ukaumia. Ngamia hana jinsi: ana fremu ya chuma, propela (mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini magurudumu ya nyuma) inapita chini, na nyuma kuna ekseli nzima (mhimili unaobeba magurudumu mawili) inayopanda na kushuka kila penye shimo. Vyote vinataka nafasi, kwa hiyo sakafu inainuliwa. Paa haliinuliwi. Kiti ndicho kinachobanwa katikati.

Isitoshe, safu ya tatu iko juu ya magurudumu ya nyuma. Aliyeketi safu ya pili yuko kati ya ekseli mbili, anapepea kidogo tu. Wa nyuma anarushwa. Lami ilipokwisha, kila shimo nililolikwepa kwa tairi la mbele mdogo wangu alilipokea kwa kichwa. Alihimili dakika 52. Nazijua kwa sababu karani aliandika saa. "Kaka, simama," akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa wadogo.

Tulipochelewa kidogo kusimama, karani naye akatapika. Dirisha la kule nyuma ni dogo na limepanda juu. Mtoto akikaa haoni barabara, anaona mgongo wa kiti. Sikio la ndani linamwambia anayumba, macho yanamwambia ametulia, na tumbo linaamua kesi. Tukamhamishia safu ya pili katikati, aone kioo cha mbele, na hakutapika tena safari nzima. Kiti kilichochafuka tulikifuta kwa maji yote tuliyokuwa nayo.

Nimtendee haki mdogo wangu lakini. Kwenye zile kilomita 65 Ngamia alipita kama mwenye barabara. Kabati alikwaruza tumbo mara mbili, na mahali pamoja pa mfereji shemeji alisimama kabisa. Mzee mmoja aliyekuwa shambani alikuja na jembe lake bila kuitwa, akaanza kujaza mawe upande wa kushoto, sisi tukajaza kulia. Dakika arobaini. Kisha akatembea mbele ya gari kinyumenyume akimwonyesha shemeji kwa kidole kila tairi likanyage wapi. Tulimwachia maji, akatuachia baraka.

*Kwa atakayefuata:* safu ya tatu ya gari la juu ni ya watoto waliokwisha kuacha kiti cha mtoto na bado hawajarefuka. Dirisha hilo la umri ni jembamba. Hesabu watoto wako watalipita lini.

Siku ya 3. Mapumziko, na viti vya watoto

Mama na dada yake walikuwa na mazungumzo ya miaka mingi. Sisi tukabaki nje na magari.

Mke wangu alishika kazi ya kiti cha kitinda mimba. Kanuni ya R129 ya Umoja wa Mataifa, ya viti vya watoto, inataka mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15, na wataalamu wengi wa usalama hupenda azidishe, kwa hiyo kiti hicho kitakuwa nasi kwa muda. Kiti cha namna hiyo hakila upana tu, kinakula urefu. Ndani ya Ngamia, aliyekaa kiti cha mbele cha abiria ilibidi asogeze kiti hadi magoti yaguse dashibodi. Ndani ya Kabati safu ya pili ina reli ndefu. Tulirudisha kiti nyuma na mbele akakaa mtu mzima kama binadamu. Lakini kukirudisha kulimnyang'anya wa safu ya tatu nafasi yake. Sentimita ni zilezile, unachagua tu nani azilipe.

Jambo jingine ni vile vitanzi vya Isofix vya kukamatishia kiti cha mtoto, vyuma viwili vilivyofichwa kwenye mfereji kati ya kikalio na mgongo wa kiti, sentimita 28 toka katikati ya kimoja hadi cha pili. Ngamia anavyo viti viwili vya pembeni tu. Cha katikati hana, na kifungio cha mkanda wake kimezama kiasi kwamba binti yetu alishindwa kujifunga akiwa amebanwa kati ya kiti cha mtoto na shangazi mnene wa kufikirika (tulitumia mto). Kabati ana viti vitatu vilivyojitenga safu ya pili, kila kimoja na vitanzi vyake. Kama una watoto watatu wadogo, tazama hilo kabla hujatazama rangi.

Mdogo wangu akajitetea kwamba magari ya aina ya Kabati ni mtindo wa juzi. Si wa juzi. Renault Espace ilitoka mwaka 1984, na viti vyake vya mbele uliweza kuvizungusha vikatazama nyuma gari likisimama, familia ikakaa kama sebuleni. Fiat Multipla ya 1998 ilipanga watu watatu mbele na watatu nyuma, safu mbili tu, hakuna wa kutupwa juu ya ekseli. Watu waliicheka sura yake. Mimi baada ya siku ya pili siicheki.

Siku ya 4. Kilomita 465, ndefu kuliko zote

Zamu ya Kabati kubeba watu saba, na zamu yangu safu ya tatu. Mdogo wangu alishika usukani kwa furaha isiyofichika, shemeji akafuata na Ngamia.

Kabla ya kuondoka tulisoma kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, kile cha upepo wa matairi na uzito. Watu wengi hawakisomi. Uzito ulioruhusiwa, watu na mizigo pamoja, ulikuwa kilo 545. Tulijumlisha abiria saba, kilo 402, na mizigo kama 130. Zikabaki 13. Viti saba vya watu wazima saba wenye mabegi ni habari nyingine kabisa. Tuliongeza upepo wa matairi kama kibandiko kilivyosema kwa gari lililojaa.

Sakafu hadi kikalio: sentimita 35. Gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele, hakuna propela, kwa hiyo sakafu iko chini na miguu ilipata pa kwenda, pamoja na nafasi ya kuingiza vidole chini ya kiti cha mbele yangu. Mapaja yalilala. Saa ya kwanza nilisoma ujumbe wa simu, saa ya pili nililala, saa ya tatu nikaanza kuwa mkweli.

Kwanza joto. Kiyoyozi cha nyuma kilikuwa na tundu moja tu upande wa kulia, na mimi nilikuwa kushoto. Ngamia, kwa sifa yake, ana matundu mawili na yanapuliza kweli. Pili, kiegemeo cha kichwa. Kilivutwa hadi mwisho na bado kiliishia shingoni kwangu, na kazi yake ni kuzuia kichwa kisirudi nyuma gari likigongwa. Hicho kingekuwa kama kigingi cha kukipindulia. Binti yetu kilimfaa. Tatu, kikalio. Asubuhi kilikuwa laini kuliko vyote, nikakisifu. Kilomita ya 200 sponji ilikuwa imelala na nilihisi upau wa chuma. Kiti kigumu kidogo cha Ngamia safu ya pili, ambacho siku ya kwanza tulikinung'unikia, jioni yake hakuna aliyeshuka ameshika kiuno.

Saa nane mchana, kituo cha mafuta, mlango wa kuteleza ukagoma. Ulifika nusu ukasimama, mama ndani. Tulivuta, tukasukuma, mdogo wangu akaupiga konde. Kijana wa kituo alitutazama kwanza, kisha akaondoka na kurudi na mswaki wa zamani. Alichutama, akapiga mswaki reli ya chini pole pole kama jino, na kutoka mle akatoa changarawe tatu za siku ya pili, moja kubwa kama punje ya mahindi. Akapuliza kwa upepo wa matairi, akatia tone la mafuta ya cherehani. Mlango ukateleza kwa kidole kimoja. Mama akamwambia, "Mwanangu, mkono wako usikauke." Mswaki tuliununua kwake, sasa uko kwenye begi la zana.

Giza lilipoingia kila gari la mbele likawa linatupigia taa. Tulidhani wanatuonya kuna jambo, kumbe jambo ni sisi: mkia wa Kabati ulikuwa umekaa chini kwa uzito, taa zetu zinawachoma watu machoni. Kuna kidude cha kuzungusha cha kushusha taa, kushoto kwa usukani. Tukakizungusha hadi 3, ugomvi ukaisha.

*Kwa atakayefuata:* simameni kila saa mbili, dakika kumi na tano, wote washuke, hata wanaosema hawajachoka. Na mmiliki mtarajiwa aende safu ya tatu mwenyewe, si kwa dakika mbili za kwenye uwanja wa muuzaji.

Siku ya 5. Kilomita 120

Hakuna cha kusimulia njiani.

Mafuta: kwa kilomita 1,135 Ngamia alikunywa lita 148, Kabati lita 109. Wenye magari walitutoza usafi wa kile kiti cha siku ya pili, na ada hiyo ilikaribia tanki zima. Kama una mtoto anayetapika, tandika plastiki chini ya taulo kabla hamjatoka.

Tulipokwisha kukabidhi funguo, karani akakumbuka futi. Ilikuwa imebaki kwenye mfuko wa pembeni wa safu ya tatu ya Ngamia. Mdogo wangu alinitazama. Akakunja kiti, akaingia kwa kutanguliza kichwa, na tukasikia akigonga paa. Alitoka nayo mkononi, nywele zimevurugika.

"Kaka," akasema, "hilo la mlango wa kuteleza, wanatengeneza lenye kuvuta magurudumu manne?"

Wanatengeneza, baadhi yao. Lakini propela inarudi, na sakafu inaweza kupanda. Jumamosi tunakwenda kuliona moja. Mama ameshasema anakuja, na futi anayo yeye.